Je, Wajua? Mzuka Huja, "Ghost" Huondoka

Je, wajua kwamba neno "ghosting", ambalo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hulitamka kana kwamba walizaliwa nalo, liliingia na maana yake ya leo katika kamusi ya Kimarekani ya Merriam-Webster mwaka 2017 tu? Maana yenyewe ni hii: mtu mliyekuwa mkiwasiliana naye, awe mpenzi, rafiki au mwajiri, anakata mawasiliano yote ghafla. Hagombi, hasemi sababu, haagi. Jana mlipanga mkutane Jumamosi, leo simu haipokelewi, na Jumamosi inapita. Mtaani neno limeshanyambuliwa kama kitenzi chetu kingine chochote: kugosti, amenigosti, nimegostiwa.

Je, wajua kwamba Waingereza waliliona mapema kidogo? Mwaka 2015 wachapishaji wa kamusi ya Collins waliliweka kwenye orodha ya maneno yao ya mwaka. Halikushinda. Lililoshinda ni neno la kutazama tamthilia kipindi baada ya kipindi bila kupumzika.

Je, wajua kwamba herufi "h" katika neno "ghost" haina kazi yoyote ya matamshi? Katika Kiingereza cha kale neno liliandikwa "gast". William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza mwaka 1476, alikuwa ametoka kuishi miaka mingi upande wa Flanders, na tahajia ya huko ilikuwa na "gh". Ikaingia matbaani, ikabaki. Zaidi ya miaka 500 sasa watoto wa shule wanaihifadhi kwa kichwa.

Lililo zito zaidi ni maana. Hilo "gast" la kale halikuwa la kutisha watu usiku tu. Lilikuwa na maana ya roho, na pia pumzi. Ukilijua hilo, utashangaa na mimi jinsi Kiswahili kilivyopita njia hiyohiyo bila kuelekezwa na mtu: sisi tuna pepo, na tuna upepo. Roho isiyoonekana na hewa inayotembea zimetoka shina moja. Nalo neno roho tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako lina undugu na neno la upepo. Watu waliokaa mbali mbali, kila mmoja kwa lugha yake, walipotaka kukitaja kisichoshikika walitazama kwanza kile kinachotoka puani.

Basi isikushangaze kwamba Serikali ya Tanzania ilipoanza msako wa watu waliolipwa mishahara bila kuwapo kazini, mwaka 2016 chini ya Rais John Magufuli, Waingereza waliandika kuhusu "ghosts" na sisi tukaandika "wafanyakazi hewa". Majina zaidi ya 10,000 yalikuwa yameondolewa kufikia Mei mwaka huo. Hakuna aliyekaa kamati kutafuta tafsiri. Neno hewa lilishafanya kazi hiyo kwa risiti hewa na miradi hewa. Mtu anayeandika kitabu kikatoka kwa jina la mwingine, ambaye kwa Kiingereza naye ni mzimu, kwetu ni mwandishi kivuli. Mji uliohamwa ukabaki kuta, kwao ni mji wa mizimu. Kwetu ni mahame, neno lililotoka katika kuhama. Gede karibu na Malindi ni mahame: misikiti ya mawe, visima, nyumba zenye vyumba vingi, na watu wake waliondoka takriban karne ya 17.

Je, wajua kwamba tungetafsiri "ghosting" neno kwa neno tungeharibu kila kitu? Chukua neno mzuka. Limetokana na kuzuka, yaani kutokea ghafla pale ambapo hapakuwa na kitu. Sifa kuu ya mzuka wa Kiswahili ni kwamba anakuja. Unapita njia ya makaburini saa nane usiku, mara huyu hapa. "Ghost" wa vijana wa leo sifa yake ni kwamba anaondoka. Kiumbe ni kimoja, lugha mbili zimekishika kila moja upande wake.

Hata Kiingereza chenyewe hakikuanza hapo. Shakespeare, mwanzoni mwa karne ya 17, aliligeuza neno hilo kuwa kitenzi katika tamthilia ya Antony and Cleopatra, akimzungumzia Kaisari aliyeuawa na kisha kumtokea Brutus huko Filipi. Kwake, kumgosti mtu kulikuwa ni kumwandama. Miaka 400 baadaye kitenzi kimegeuka uso: aliyekuwa akikufuata sasa ndiye anayekukimbia.

Je, wajua kwamba Kiswahili cha mitaani kilikuwa na tendo hili kabla ya neno la kigeni kushuka uwanja wa ndege? Hesabu mwenyewe. Ameingia mitini. Amekula kona. Ameyeyuka. Ametokomea. Aliyeachwa, ameachwa solemba, au ameachwa kwenye mataa. Haya ya mataa nayapenda kwa uchungu wake: mtu umesimama kwenye taa za barabarani, magari yanapita, uliyekuwa naye hayupo. Na kuna safu nyingine, ya asiyekimbia ila ananyamaza: amenikaushia, ameuchuna, amenipotezea, amekula buyu. Nairobi watakwambia amenilenga, au amehepa.

Zitazame kwa makini na utaona hazifanani. Anayeingia mitini ana jambo analolikimbia, mara nyingi ni deni au ahadi. Anayekupotezea hakimbii kitu. Yuko palepale, ila ameamua wewe si kitu cha kumsumbua. Aliyekaushiwa anajua aliyemkaushia yuko wapi, na pengine kesho atamwona kwenye daladala moja. "Ghosting" imeyafunika yote hayo kwa shuka moja. Kwa sababu hiyo sidhani neno la kigeni limetuletea jambo jipya. Limetuletea wepesi, na wepesi huo umetupunguzia uwezo wa kusema hasa tumetendwa nini.

Je, wajua kwamba Wakenya walitengeneza neno la mtu asiyepatikana kutoka kwenye sauti ya mashine? Ukipiga simu iliyozimwa, sauti ilikuwa inakwambia kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani. Watu wakasikia "mteja" mara nyingi mno hata neno likahama. "Nimempigia, yuko mteja." Mteja, ambaye dukani ndiye mtu unayemngoja kwa hamu, kwenye simu akawa mtu asiyekuwapo.

Na kabla ya hapo tulikuwa na kinyume chake kabisa: kubipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata kabla haijapokelewa. Mtafiti Jonathan Donner alifanya kazi Rwanda, akaandika mwaka 2007 juu ya kanuni zisizoandikwa za tendo hilo: nani ana haki ya kumbipu nani, na mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kupiga. Maana yake ni kwamba simu isiyozungumzwa ilikuwa imejaa maneno. Mbipo mmoja: nimefika. Mibipo miwili: toka nje, niko getini. Kimya chetu kilikuwa na sarufi. Salio lilikuwa dogo, ila kila mtu alijua mwenzake yuko hai.

Je, wajua zile tiki mbili za bluu zina umri gani? WhatsApp ilianza mwaka 2009, lakini bluu ilikuja Novemba 2014. Kabla yake ulijua ujumbe umetoka na umefika. Sasa ukajua umesomwa. Watu walilalamika kiasi kwamba mwezi huohuo kampuni ilianza kuruhusu mtu kuizima. Ukiizima, nawe huoni ya wenzako. Kwenye kundi haizimiki, na bluu haitokei mpaka kila mwanakundi awe amesoma. Na tiki moja ya kijivu inayokaa wiki nzima? Huenda umezuiwa. Huenda pia mwenzako hana bando, simu yake imevunjika kioo, au amelazwa. Tiki haisemi ni lipi. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona ndoa za miaka zikitikiswa na alama ambayo haina ujuzi wa kusema chochote zaidi ya kwamba data imefika au haijafika.

Je, wajua kwamba utafiti mmoja maarufu wa kutengwa ulianzia kwenye mchezo wa kurushiana sahani ya plastiki? Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa amekaa bustanini Marekani, sahani ikamwangukia karibu. Akairudisha kwa vijana wawili waliokuwa wakicheza, nao wakamrushia tena, akawa wa tatu. Baada ya dakika chache wakaacha kumrushia. Hawakusema neno. Alijisikia vibaya kupita kiasi cha jambo lenyewe, na watu hawa hata majina yao hakuyajua. Alikwenda akatengeneza mchezo wa kompyuta unaoitwa Cyberball: wachezaji watatu, mpira mmoja, na baada ya muda wawili wanakuacha nje.

Matokeo yake ndiyo yaliyonifanya niandike safu hii. Watu waliambiwa mapema kwamba wanaocheza nao si binadamu, ni kompyuta tu. Bado waliumia. Katika jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2007, waliambiwa kwamba wanaowatenga ni wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi ambalo mtu mwenye akili zake hatamani kukaa nalo meza moja. Bado waliumia. Kwa hiyo yule anayekwambia "kwani ulimjua kwa muda gani, mbona unalia" anakosea. Maumivu ya kutengwa hayangoji kuuliza kama mtu anastahili.

Mwaka 2003 Williams, Naomi Eisenberger na Matthew Lieberman waliwaweka watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo huohuo. Sehemu moja ya mbele ya ubongo, ambayo huamka pia mtu anapoumia mwili, iliamka walipoachwa nje. Wataalamu wengine wamebishana kuhusu sehemu hiyo inafanya kazi gani hasa, na ubishi ni wa haki. Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani lilikwenda mbali zaidi: watu waliomeza dawa ya parasetamoli kila siku kwa wiki tatu waliripoti kwamba maneno na vitendo vya wenzao viliwaumiza kwa kiasi kidogo kuliko wasiomeza. Tafadhali usiende kumeza dawa kwa ajili ya mtu aliyekupotezea. Ini lako halina kosa. Nimelitaja ili ujue kwamba Mswahili aliposema moyo unauma hakuwa akipamba maneno.

Je, wajua kwamba kuna jina la msiba usiokuwa na tanga? Pauline Boss wa Chuo Kikuu cha Minnesota alifanya kazi miaka ya 1970 na familia za marubani wa Marekani waliopotea vitani Vietnam. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna taarifa. Aligundua kwamba wake zao hawakuweza kulia wakamaliza wala kutumaini wakatulia. Akauita upotevu usio na hakika. Tofauti kati ya rubani wa vitani na kijana aliyeacha kujibu ujumbe ni kubwa, na sitaki kuwalinganisha. Ila umbo la swali ni moja: nifunge ukurasa au nisubiri?

Hapa Kiswahili kina jambo la kusema, na ndilo ninalolijali kuliko yote. Mtu akifa tunasema ameaga dunia. Hebu lisikilize upya, maana tumelizoea. Hata anayeondoka moja kwa moja tunamhesabu kuwa ameaga. Tuna neno buriani, ambalo ndani yake mna kuombana radhi kabla ya safari ndefu au kabla ya mauti. Tuna kwaheri, ambayo ukiitenganisha ni kwa heri. Mgeni wa kwetu hainuki tu kwenye mkeka akatoka. Husema, "Jamani, naomba niwaage," na mwenyeji hujibu kwamba bado mapema, na hilo lenyewe ni sehemu ya kuagana. Kisha anamsindikiza, mpaka kwenye mwembe, mpaka barabarani, mpaka gari lije. Kuondoka kwetu kuna hatua nyingi kuliko kufika, ambako hodi moja yatosha. Ndiyo maana nadhani anayegostiwa Tanga au Lamu haumii sawasawa na mwenziwe wa ng'ambo. Amenyimwa kitu ambacho amefundishwa tangu utotoni kwamba hata maiti hupewa.

Je, wajua kuwa sentensi "alimwaga" ina maana mbili? Ukiikata hapa ni a-li-mw-aga, alimpa mkono wa kwaheri. Ukiikata pale ni a-li-mwaga, alimimina. Na katika lugha ya vijana kumwaga mtu ni kumwacha mpenzi, kumpiga chini. Kuaga na kumwagwa vinakaa ndani ya silabi zilezile. Waandishi wengi huandika "alimuaga" ili kuepusha mkanganyiko. Wanafanya vyema.

Je, wajua kwamba zamani ilikuwa vigumu kutoweka katika mapenzi? Palikuwa na mshenga. Yeye ndiye aliyepeleka barua ya posa, yeye ndiye aliyekaa na wazee kupanga mahari, na kijana akiingia mitini ni mshenga atakayebishiwa hodi. Barua ya posa ilijibiwa, hata jibu likiwa hapana. Kukaa nayo kimya kulikuwa ni kuidharau familia nzima. Linganisha na Tinder, iliyoanza mwaka 2012: watu wawili wasio na shangazi wala jirani wa pamoja, wanaokutana kwa kuteleza kidole kwenye kioo. Anayeondoka haulizwi na mtu. Simlaumu kijana anayetafuta mwenzi simuni. Ila ajue kwamba ukuta aliouruka, yaani mshenga, ndio uliokuwa ukimzuia mtu kutoroka.

Kutoroka ndani ya ndoa, hilo sheria inalijua, na jina lake si la kitoto: kutelekeza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaja miaka mitatu ya kutelekezwa kwa makusudi kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Nchini Kenya, mtu ambaye kwa miaka saba hajasikika na wale ambao kwa kawaida wangemsikia, mahakama yaweza kumchukulia kuwa amekufa. Wanazuoni wa fikihi nao walijadili kwa karne nyingi mke wa mafqudi, yaani mume aliyepotea asijulikane yu hai au la. Katika madhehebu ya Imam Malik mwanamke hungoja miaka minne, kisha hukaa eda.

Kazini nako kumeingia. Benki Kuu ya Marekani hutoa taarifa ya hali ya uchumi mara nane kwa mwaka. Ile ya Desemba 2018, katika sehemu ya Chicago, ilieleza kwamba waajiri wanalalamika "kugostiwa": mfanyakazi haji, hasemi, hapatikani. Waombaji kazi waliosubiri majibu kwa miaka hawakulia nao. Jimbo la Ontario, Kanada, sasa limegeukia upande wa pili: kuanzia Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyetangaza nafasi hadharani anatakiwa, ndani ya siku 45 tangu usaili, kumjulisha aliyemsaili kama uamuzi umefikiwa. Natamani mtu apeleke wazo hilo Dodoma. Nimewajua vijana waliokopa nauli na kushona suruali mpya kwa ajili ya usaili, wakamaliza mwaka wakiangalia barua pepe.

Haraka haraka, maana nafasi inakwisha. Wajapani humwita aliyetoweka kwa hiari yake johatsu, maana yake aliyegeuka mvuke. Sisi tunasema ameyeyuka. Waingereza huita kuondoka karamuni bila kuaga kuondoka Kifaransa. Wafaransa nao huita kuondoka Kiingereza. Baharini, chombo cha tanga kinachosogea huku upepo karibu haupo, mabaharia wa Kiingereza husema kinafanya "ghosting". Magereza ya Uingereza hulitumia neno hilo kwa mfungwa anayehamishwa ghafla bila kupewa taarifa. Na kwenye televisheni za zamani lilikuwa ni ile picha ya pili iliyofifia pembeni ya mtangazaji, mawimbi yakiwa yamegonga jengo au kilima yakachelewa kidogo kufika. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, na mizimu hiyo ikaondoka pamoja na chenga zake.

Je, wajua kwamba wapo wanaorudi? Miezi sita imepita, unapokea "mambo, umepotea sana!" kutoka kwa yuleyule aliyepotea. Kwa Kiingereza wamelipa tendo hilo jina la zombi, maiti aliyefufuka. Mwaka 2018 mwandishi Anna Iovine alitoa jina la wa aina nyingine, asiyejibu ujumbe lakini anatazama kila picha unayoweka: alimwita anayezunguka kwenye obiti, kama setilaiti. Kwetu mtu anayechungulia nyumba asiyoingia alikuwa na jina tangu zamani. Huyo ni mdukuzi wa mambo ya watu.

Na wapo wanaotoweka kwa haki. Mwanamke anayepigwa hadaiwi barua ya kwaheri na anayempiga. Anayetishwa, anayedaiwa picha za utupu, anayefuatwa hadi kazini, azime simu na akimbilie kwa watu, dawati la jinsia la polisi likiwamo. Kila mara mjadala huu ukianza husikia watu wakimwambia msichana "mweleze tu vizuri". Wakati mwingine kuelezea vizuri ndiko kunakompa mwenye ngumi nafasi ya kusogea.

Je, wajua kwamba anayegosti mara nyingi anajali kuliko anavyodhaniwa? Watafiti Yejin Park na Nadav Klein walichapisha mwaka 2024 mfululizo wa majaribio juu ya pande zote mbili. Waliogostiwa walikisia kwamba wenzao hawakujali kabisa. Wenzao, wengi wao, walikuwa wakijali, na baadhi walinyamaza wakiamini kwamba kimya kinaumiza kidogo kuliko neno. Walikosea, lakini hawakuwa mawe.

La mwisho linanihusu. Januari 2020 laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Tanzania. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye, mtu wa kupigiana Idi hadi Idi. Mwaka ule ujumbe wangu ulibaki na tiki moja. Nikangoja. Baadaye tiki zikawa mbili, zikawa bluu, na hakuna jibu. Nikatuma tena Idi iliyofuata. Bluu, kimya. Nikasema basi, amenipotezea, na nikaona uchungu ambao sikumwambia mtu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mteja mpya. Nilikuja kulijua hilo siku nilipopiga kwa hasira na kupokewa na mzee wa Mbeya, aliyenijibu kwa upole kwamba salamu zangu za Idi amekuwa akizipata, zinamfurahisha, ila hakujua amjibu vipi mtu anayemwita kwa jina la mwingine.

Rafiki yangu nilimpata mwaka uliofuata, msibani, Morogoro. Simu yake ya zamani iliibwa pamoja na namba zote. Alinishika mkono, hakuuachia. Akaniuliza kwa nini nilimkaushia.